Masiya wa Sebuleni kwa Shangazi

Tulipomzika shangazi yangu Bi Esha, mwaka huu, mvua za vuli zikiwa ndiyo zinaanza, watu walimtafuta mtani. Maiti alikuwa ameshaoshwa na kuvishwa sanda, jeneza lipo sebuleni, vijana wamesimama tayari kulibeba, na bado hakuna aliyeziba mlango. Kwetu Lindi msiba wa mtu mzima bila mtani hauna ladha. Mtani ndiye anayelala kizingitini na kusema maiti hatoki mpaka yeye apewe kuku. Ndiye anayejifunga kanga ya marehemu na kutembea kama marehemu, mpaka wafiwa wacheke huku kamasi zinawatoka. Wazee wakawa wanaulizana kwa sauti ya chini, "Mtani wake nani huyu? Yuko wapi?" Mimi nilijua yuko wapi. Alikuwa pale pale, Mama Devota, Mmakonde wa nyumba ya pili, amekaa mkekani katikati ya wanawake wengine, mikono ameiweka mapajani, amenyamaza. Alikuwa amefika mapema kuliko jirani yeyote, na mchele alileta. Alinishika mkono akaniambia, "Pole sana, Somoe. Mungu amlaze mahali pema," maneno ambayo mtu humwambia mtu yeyote. Jeneza likatoka bila kuzuiwa na mtu. Mimi nikajifunika uso kwa kanga, na wanawake wakanipapasa mgongo wakidhani nalia. Nilikuwa naona aibu, na aibu ile haikuwa mpya.

Mwaka ilipoanza nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo ambayo moyoni nilishayajua. Kwa nini nilikuwa naishi mtaa wa Rasbura pale Lindi kwa shangazi na siyo kwetu Kitomanga ni habari ndefu na haihusiki hapa. Kinachohusika ni ile sebule. Ilikuwa na makochi mawili yenye vitambaa vya kudarizi, mkeka mkubwa katikati, dirisha la nondo linalotazama uchochoro, na juu ya kabati TV ya chogo pamoja na deki, vyote vimefunikwa kitambaa cheupe kama bibi harusi. Jumapili mchana, Mama Devota akisharudi kanisani na shangazi akishaswali adhuhuri, kitambaa kilifunuliwa. Chande, kijana wa bodaboda aliyepanga chumba cha uani, alikuwa ameshaleta CD kutoka kwenye banda la kukodisha pale standi. Shangazi alitenga sinia la ming'oko iliyochemshwa, ile mizizi ya porini ambayo sisi watu wa kusini tunaitafuna kama watu wengine wanavyotafuna karanga, na kila aliyeingia alikaa, akachukua mzizi wake, akaanza kumenya. Nikikumbuka mwaka ule nasikia kwanza ile sauti ya watu wengi wakimenya ming'oko kwa wakati mmoja.

Tulikuwa tunatazama sizoni moja, tamthilia ya nje iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mtafsiri alikuwa mtu mmoja wa Dar ambaye sauti yake ilikuwa ya watu wote: ya polisi, ya bibi kizee, ya mtoto mwenye homa, na ya mhusika mkuu mwenyewe. Huyo mhusika mkuu alikuwa dereva wa gari la maji katika mji mmoja wa bandari uliokaukiwa mabomba. Alikuwa mwembamba, mpole, ana ndevu chache, hacheki ovyo. Akipeleka maji kwenye nyumba, mgonjwa wa nyumba ile anapata nafuu. Siyo kila mgonjwa, na siyo kila mara, na hapo ndipo utamu ulipokuwa. Watu wa mji wakaanza kumfuata. Askari mmoja wa kike akapewa kazi ya kumchunguza. Je, ndiye yule aliyeahidiwa, au ni tapeli, au ni kitu kibaya zaidi? Mwenyewe hasemi. Anaulizwa, anatazama chini, anapiga gari stati, anaondoka. Mtafsiri wetu hakuwa na subira hiyo. Tangu sehemu ya pili alishaamua kumwita Masiya, na kila alipotokea alipayuka, "Oya wanangu, mwenye mji kaingia!"

Basi na Rasbura nayo ikagawanyika. Shangazi na wenzake walikuwa na hoja zao nzito. Nabii Isa, walisema, atateremka kutoka mbinguni, hawezi kushuka kwenye tangi la maji. Kwa hiyo huyu, kama si mtu wa kawaida, basi ni Dajali, na Dajali ana alama: jicho moja ni bovu. Kuanzia hapo kila uso wa yule dereva ulipojaa kwenye TV, wanawake watatu wanne waliacha ming'oko, wakasogea mpaka pua zinakaribia kugusa kioo, wakikagua macho. "La kushoto, la kushoto! Tazama linavyolegea!" "Wewe, hiyo ni TV yako mbovu, Esha," Mama Devota alijibu kutoka kwenye kochi. "Kila mtu humo ndani ana makengeza." Yeye alisema Bwana atarudi na mawingu kila jicho litamwona, lakini pia, aliongeza akimenya, mara ya kwanza alikuja kwa seremala na wenye akili zao hawakumtambua. Ustadhi Bakari, mwalimu wetu wa madrasa, alitangaza kuwa kuitazama ile sizoni ni kuchezea imani. Alikuja kulitangaza hilo dirishani, akiwa amesimama uchochoroni, na akalitangaza mpaka sehemu ya tatu ikaisha. Jumapili iliyofuata alirudi kukumbusha. Vijana wa mikokoteni ya maji pale mtaani walipata tabu: kila wakipita watoto waliwakimbilia, "Masiya, nijazie ndoo!" Na kuna mama mmoja wa nyumba ya nyuma, ana mtoto asiyetembea, ambaye siku moja aliingia kimya, akaweka chupa ya maji juu ya TV, akakaa. Hakuna aliyemwuliza. Ilipokwisha akaichukua chupa yake akaenda. Siku hizi namkumbuka yule mama kuliko wote, maana alikuwa ametuonyesha mapema kabisa kwamba si kila aliyekaa mkekani alikuwa anacheza, na sisi hatukuona.

Shangazi na Mama Devota walikuwa watani kwa kabila, Mmwera na Mmakonde, na walikuwa watani kwa kupenda. Sijawahi kuona watu wawili waliopendana kama wale, na sijawahi kuwasikia wakiamkiana kama binadamu. Asubuhi shangazi akifungua dirisha la jikoni hupiga kelele, "We mla panya, hujafa?" Na ng'ambo ya ua inajibiwa, "Nife mimi nani akufundishe kuoga?" Mama Devota aliingia jikoni kwetu akafunua vyungu bila hodi. Shangazi aliugua homa ya matumbo, Mama Devota akalala sakafuni kwake wiki nzima akimwita mvivu. Mama Devota alikuwa mjane, ana binti mmoja, Devota, na mtoto wa kiume, Fidelis, wa kidato cha tatu. Fidelis ndiye aliyekuwa fundi wa deki yetu. Ikigoma aliifungua, akapuliza, akaifunga, ikakubali. Alikaa chini, mgongo ameuegemeza kwenye miguu ya mama yake, na mama yake akimenya mng'oko alimpitishia nusu juu ya bega bila kutazama.

Fidelis alianguka uwanjani akicheza mpira, siku ya jua kali, hakuna aliyemgusa. Walimbeba hadi hospitali na ikasemwa alishakufa kabla ya kufikishwa. Ilikuwa kabla ya adhuhuri. Sasa yaliyofuata nayaeleza polepole, maana aibu yetu yote imezaliwa humo. Mama Devota alikuwa hajielewi. Ndugu zake wote walikuwa juu Newala, na mwaka ule kufika Lindi kutoka Newala ilikuwa kazi ya kutwa. Mtaa mzima ulikuwa wetu sisi Waislamu, na sisi tunajua jambo moja kuhusu maiti: humcheleweshi, humwachi akalala, kumharakisha ndiyo kumheshimu. Shangazi alishika usukani. Yeye ndiye aliyetuma watu wakachimbe, yeye aliyemfuata katekista, yeye aliyesaka seremala. Alikuwa anazunguka jua lote lile miguu peku. Alimpigia magoti rafiki yake akamwambia, "Mwenzangu, tusimweke mtoto, joto hili, tumhifadhi leo," na Mama Devota akasema, "Fanyeni." Ulikuwa upendo, naapa, wala hapakuwa na kitu kingine ndani yake. Kabla ya magharibi Fidelis alikuwa ardhini. Kesho yake mchana ndugu wa Newala waliteremka kwenye gari, bibi mzaa mama wa Fidelis akiwa mbele na kanga nyeusi, wakakuta udongo. Yule bibi aliuliza tu, "Mmemzika, nani wetu amemwona?"

Na alasiri ile ya maziko, jeneza lilipotoka, shangazi alifanya kazi ya mtani. Alivaa jezi ya Fidelis juu ya gauni lake, akachechemea kama Fidelis alivyokuwa akichechemea akiumia mguu mpirani, akalala mlangoni. "Hapiti mtu! Kijana huyu hajanitengenezea deki yangu, kama mnamtaka nipeni jogoo!" Mama Devota, ambaye tangu mchana hakuwa ametoa hata chozi, alicheka. Alicheka, halafu ndipo kilio kikatoka, na wanawake wakashukuru kwamba kimetoka. Ndivyo utani unavyofanya kazi ukifanywa mahali pake. Nimeona watu wa mbali wakishangaa wakisimuliwa haya, na mimi huwa sioni haya hata kidogo kuyasimulia. Haya yangu iko kwingine.

Matanga yalipoanuliwa shangazi hakugusa TV. Ilikaa na kitambaa chake wiki nyingi, Chande akinung'unika kwamba huko mjini wenzetu wako mbele. "Mpaka Mmakonde aje," shangazi alisema. Jumapili moja alikuja mwenyewe, amekonda, akakaa kwenye kochi lake. "Huyo dereva wenu ameishia wapi?" aliuliza. Tulifurahi mno. Shangazi akatenga sinia, kitambaa kikafunuliwa, deki ikakubali mara ya kwanza, na nafasi ya Fidelis pale chini hakuna mtu aliyeikalia. Niliona kwamba Mama Devota sasa hamenyi. Alikuwa ameshika mzizi mmoja mkononi tangu mwanzo mpaka mwisho, anatazama. Wengine tulitazama kwa kubishana, kwa kukagua macho, kwa kucheka sauti ya mtafsiri. Yeye alitazama kama mtu anayesikiliza majina yakisomwa.

Sehemu ile, mtoto wa muuza mikate wa mji ule alikufa. Waliikawiza sana: mama yake akibisha kwamba hajafa, baba yake akikaa barazani, mtoto amelazwa chumba cha maiti siku mbili. Gari la maji likasimama nje. Yule dereva akaingia, amelowa suruali, akasimama karibu na meza ile ya bati. Hata mtafsiri alinyamaza, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Sebule nzima haikumenya. Dereva akaweka kiganja kwenye kifua cha mtoto, akakiacha pale, muda mrefu, na kidole cha mtoto, kidole kimoja cha mkono wa kulia, kikacheza. Hapo hapo CD ikaisha. "Usikose sehemu inayofuata, mwanangu!" mtafsiri akapiga kelele, na kioo kikawa buluu.

Kimya kilikuwa kikubwa na kila mtu alijua kinamhusu nani. Nadhani shangazi alikiogopa. Nimelifikiria jambo hili miaka yote na bado naona hivyo: alitaka kumtoa rafiki yake katika kimya kile kama alivyomtoa siku ya maziko, na alikuwa na njia moja tu ya kumtoa mtu. Akageuka kwenye kochi, akampiga Mama Devota kofi la gotini, akasema kwa ile sauti yake ya dirishani, "Sasa wewe Mmakonde na haraka zako! Si ungemsubiri huyu wa maji, usimfukie mtoto mapema?"

Watu walicheka. Nami nilicheka, kwa sababu sauti ya shangazi ilikuwa sauti ya kuchekesha na mdomo wangu ulishazoea. Ustadhi Bakari alicheka dirishani. Tulikuwa tumecheka tayari ndipo maneno yakaanza kutuingia moja moja: haraka za nani, nani alimfukia, nani alichimbisha. Nilimtazama shangazi nikaona kwamba naye yameanza kumwingia. Lakini tulingoja, maana utani ni wa kujibizana, na jibu likija hata baya kiasi gani mambo yote yanakaa sawa. Mama Devota aliuweka ule mzizi kwenye sinia. Alisimama, akajifunga kanga vizuri, akapita katikati yetu akisema "samahani" kwa kila aliyemkunjia miguu. Na sisi, wajinga sisi, tukaendelea kucheka, tukidhani hiyo samahani ndiyo jibu lake, kwamba anaiga Mzungu na adabu zake. Chande alipiga hata makofi. Yule mama wa chupa peke yake ndiye aliyenyanyuka akamfuata nje.

Kesho yake asubuhi shangazi alifungua dirisha. "We mla panya, hujafa?" Ng'ambo ya ua Mama Devota alikuwa anafagia. Aliinua kichwa. "Shikamoo dada," alisema. "Umeamkaje?" Shangazi alibaki na mkono kwenye komeo. Alikuwa mkubwa kwa Mama Devota kwa miaka kadhaa, kwa hiyo shikamoo ilikuwa haki yake, wala hakuna mtu ambaye angeweza kuilalamikia. Ilikuwa heshima tupu, na heshima ndiyo kitu ambacho hawakuwahi kupeana. "Marahaba," shangazi alijibu mwishowe, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Akafunga dirisha na hakula asubuhi ile.

Sehemu iliyofuata ilichelewa kufika kutoka Dar. Ilipofika tuliitazama wachache, kochi moja tupu. Wiki ile shangazi alinituma nipeleke bakuli la ming'oko nyumba ya pili. Nilimkuta Mama Devota nyuma ya nyumba anachambua kisamvu. Nilimwamkia, akaitikia, akapokea bakuli kwa mikono miwili kama wanavyopokea wageni. Nikageuka niondoke. "Somoe," aliniita. "Yule mtoto aliamka?"

Nilijua mtoto gani. Nilimwambia ukweli maana sikuwa na kingine: kwamba aliamka, lakini daktari wa pale alieleza kuwa hakuwa amekufa hasa, kwamba moyo wake ulikuwa umepungua mno mpaka wakadhani umesimama, na kwa hiyo mpaka sasa haijulikani kama dereva alifanya kitu au hakufanya. Nilisema hayo harakaharaka, kama mtu anayesoma swali la mtihani. Mama Devota aliendelea kuchambua. "Alikaa siku mbili, eti?" "Siku mbili, mama." Alichambua kijiti kingine, majani upande huu, kijiti upande ule. "Wa kwangu hakuachiwa hata jua lizame," alisema. "Nalala nasikiliza, Somoe. Najua ni mchezo wa kwenye TV, mimi si mjinga. Lakini nalala nasikiliza." Nilisimama pale na aibu yangu, aibu ya nyumba yetu nzima, mpaka aliponiruhusu mwenyewe kwa kuniambia nisalimie nyumbani.

Nilimweleza shangazi neno kwa neno. Alikuwa anakuna nazi, hakuacha kukuna. "Si utani tu," alisema. Baadaye, "Kwani mimi nilitaka nini? Si utani tu?" Mtaa wote ulisema hivyo hivyo: kwenye bomba, sokoni, barazani kwa Ustadhi. Mmakonde kakasirikia utani, makubwa haya. Na hapa ndipo watu wa kwetu tunapokwama, sijui kama wa kwingine hukwama hivi. Mtani haombwi radhi. Ukimwomba radhi umesema lile halikuwa utani, lilikuwa tusi, na umelitukana kaburi la mtoto uliyemzika wewe mwenyewe kwa mikono yako. Usipomwomba, linabaki pale pale. Kwa hiyo shangazi alifanya kile anachokijua. Aliongeza utani. Alikwenda mchana kweupe akamkamata jogoo wa Mama Devota, akarudi naye kwapani akiimba, watoto wakimfuata, ili aje adaiwe, atukanwe, akimbizwe na mwiko uani, wacheke yaishe. Tulingoja. Jioni Mama Devota alikuja mpaka mlangoni kwetu na akabisha hodi. Hodi! "Dada," alisema, "yule kuku kama amekupendeza mle tu, wala usijali." Akaaga. Shangazi alimrudisha jogoo mwenyewe, bila wimbo, kwa njia ya nyuma ili watu wasimwone. Mimi nilimwona. Nilitamani nisingemwona.

Tangu hapo sikupenda tena Jumapili. Tuliendelea kutazama, kwa sababu sizoni ilikuwa inaendelea na watu walitaka kujua, lakini kila mtu alikuwa anatazama upande wake. Wale wa Dajali hawakusogelea tena kioo. Ustadhi aliacha dirisha akasema ana darasa. Siku ya CD ya mwisho tulikuwa watano. Yule askari wa kike alimfikia dereva kwenye kisima nje ya mji, wako peke yao, akamwuliza waziwazi, "Wewe ndiye, au tumngojee mwingine?" Na yule dereva, ambaye sehemu zote zile alikuwa akitazama chini, aliinua uso akajibu. Alijibu! Midomo yake tuliiona ikisema maneno. Lakini mtafsiri wetu alikuwa ameshaanza kuaga, anataja banda lake la Dar na namba yake ya simu na kuwasalimia wanangu wote wa mikoani, na jibu likapita chini ya salamu zake. Chande aliirudisha nyuma tena na tena. Walinivuta mimi msomi nikaweka sikio kwenye spika nisikie Kiingereza, na nikasikia salamu za mikoani tu. Miezi yote ile, ugomvi wote ule. Zamani tungeangua kicheko hadi mtaa wa tatu. Shangazi alizima TV, akaifunika, akabaki ameshika pembe za kile kitambaa.

"Nakwenda," alisema.

Ilikuwa siku ya misa ya kumbukumbu ya Fidelis, mwaka umetimia, na kwa Mama Devota palikuwa na ndugu wote wa Newala, wamekaa uani wamekula, yule bibi yupo kwenye mkeka wake. Nilimwambia shangazi asubiri wageni waondoke. Hakunisikiliza. Alivaa baibui lake la Idi, akanishika mkono kama mimi ndiye mkubwa, tukapita ua. Aliingia katikati ya watu wale, mwanamke ambaye mtaa mzima uliogopa mdomo wake, akapiga magoti kwenye mchanga mbele ya Mama Devota. Shangazi aliinamisha kichwa na hakupamba kitu. "Mimi ndiye niliyemharakisha mtoto," alisema. "Mimi, siyo wewe. Na lile neno nililisema kwa kinywa changu. Nisamehe." Nilimwona yule bibi wa Newala akigeuza uso. Nilikuwa nasali Mama Devota amtukane. Nilikuwa nasali amwite mchawi, mchafu, Mmwera asiyeoga, chochote.

Mama Devota aliinama akamshika mabega kwa upole, kama anavyoshikwa mgeni mzee. Alitabasamu, na tabasamu lile halikuwa la uongo.

"Nikusamehe nini, dada?" alisema. "Si ulikuwa utani?"

Hilo ndilo neno ambalo sisi wote tulikuwa tumelisema karibu mwaka mzima. Kisha Mama Devota akageuka, akamwambia binti yake alete kiti na maji ya kunywa, na shangazi, ambaye katika nyumba ile hakuwahi kukaribishwa kwa sababu hakuwahi kuwa mgeni, akainuka, akapangusa mchanga magotini, akakaa alipoonyeshwa, akanywa maji yote, akasema ahsante.